Pumzi, Chuma na Ufukara wa Viumbe

Katika mambo ambayo binadamu hudhani kuwa anayajua kwa sababu tu hayamwachi usiku wala mchana, pumzi ni la kwanza. Mtoto akizaliwa hutegewa sikio kabla hajatazamwa uso, na mgonjwa akiwa katika sakarati huwekewa mkono puani; na baina ya kilio cha kwanza na ukimya wa mwisho, watu wa kila dini wamezoea kuhesabu kuwa uhai ni hewa iingiayo na itokayo. Vitabu vitakatifu vya Mayahudi, vya Wakristo na vya Waislamu, kila kimoja kwa tamko lake, husimulia kwamba mwanadamu aliumbwa kwa udongo, na kwamba udongo ule haukuwa na uhai mpaka ulipopuliziwa na Mola wake. Ikiwa ni hivyo, yapasa kuuliza kwa utulivu na kwa adabu: kiumbe kisichovuta hewa hata chembe, kikaacho katika maji ya moto yenye asidi ya kuchubua ngozi, na kikapumua kwa chuma, kina daraja gani katika maumbile, na kinatufundisha nini juu ya pumzi yetu sisi wenyewe?

Swali hili lisidhaniwe kuwa ni la nchi za mbali tu, kwani ardhi ya Embu na Meru imejaa dalili zake. Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199, ulikuwa volkeno, na moto wake ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Tangu hapo mvua na jua vimeyaozesha mawe yake, maji yakachukua magadi na chokaa na kuvipeleka mabondeni, vikasalia chuma na alumini. Na chuma hicho ndicho kilichoipa miteremko ile wekundu anaoujua kila mwenye kupalilia kahawa Runyenjes au kuchuma chai Rukuriri na Kionyo. Udongo huo una uchachu, na chai huupenda kwa uchachu wake. Wekundu wenyewe ni kutu, yaani chuma kilichokwisha kufungamana na oksijeni kikatulia, na kwa macho ya kawaida hakuna kitu kinachoonekana kuwa mbali na uhai kuliko kutu.

Na tushuke sasa bondeni, kwenye vishamba vya nduma vilivyo kandokando ya vijito viingiavyo Rupingazi upande wa Embu na Kathita upande wa Meru. Mkulima ang'oapo nduma moja katika tope, mambo matatu hudhihirika. Kwanza, tope halina wekundu wa shamba la juu, ingawa ni udongo ule ule ulioteremshwa na mvua; rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na buluu, na harufu yake ni nzito. Pili, mizizi ya nduma imevikwa ganda jembamba la rangi ya chungwa, ambalo hutoka ukilisugua kwa kidole. Tatu, juu ya maji yaliyotuama hutanda utando unaong'aa kwa rangi nyingi, ambao wapita njia huudhania kuwa ni mafuta yaliyomwagika. Lakini ukiuchokoa kwa kijiti huvunjika vipande vyenye pembe, visirudiane, ilhali mafuta hujikusanya tena mara moja, na kwa alama hiyo hujulikana kuwa ni kazi ya chuma na ya viumbe wasioonekana.

Sababu yake ni hii. Maji yafunikapo udongo, oksijeni iliyomo hutumika ikaisha kwa muda mfupi, aghalabu siku moja au mbili, na hewa ya juu haiwezi kupenya upesi kiasi cha kuziba pengo. Hapo vijidudu vinavyotegemea hewa hulala au hufa, na vingine hushika zamu kwa utaratibu ambao wataalamu wa udongo wameukuta katika mashamba ya mpunga duniani kote, na ambao ndio uendeshao pia majaruba ya Mwea, nchi iliyokuwa zamani ndani ya wilaya ya Embu na inyweshwayo kwa mito ya Thiba na Nyamindi: kwanza hutumika naitreti, kisha manganizi, kisha chuma, kisha salfeti, na mwisho hutoka gesi ya methani. Zamu ya chuma ifikapo, vijidudu hula mabaki ya majani na mizizi, na mzigo wa chembe za umeme utokao katika chakula, ambao sisi huukabidhi kwa hewa, vyenyewe huukabidhi kwa kutu. Kutu ikipokea huyeyuka, wekundu hutoweka, tope hubaki kijivu, na fosforasi iliyokuwa imenaswa na kutu huachiliwa ikaufaa mmea. Na pale mizizi ya nduma inapoteremsha hewa kidogo kwa mirija yake ya ndani, chuma hurejea kuwa kutu na kuivika mizizi lile ganda la rangi ya chungwa. Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake walimtambua mmoja wa wapumuaji hawa wa chuma katika tope la mto Potomac huko Marekani. Lakini kabla ya jina kupatikana, na kabla ya mtu wa kulitoa kuzaliwa, kazi hiyo ilikuwa ikifanyika katika kila bonde lenye maji.

Wazee wa Mbeere na wa sehemu nyingine za kusini mwa mlima walikuwa na elimu yao juu ya jambo lililo jirani na hili. Wahunzi walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakaupanga pamoja na makaa katika tanuri la udongo, wakavuvia kwa mivukuto, hata gesi ya makaa ikaunyang'anya mchanga ule oksijeni yake, likabaki pande la chuma kitupu. Kazi hiyo ilizungukwa na miiko, na laana ya mhunzi iliogopwa mno, kwa kuwa watu walitambua kwamba mwenye kugeuza mchanga kuwa jembe amegusa siri ya maumbile isiyofaa kuchezewa. Mhunzi alihitaji joto la nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi ili kuifikisha kazi mwisho. Kijidudu cha bondeni huifanya hatua yake ya kwanza katika ubaridi wa kijito, bila mvukuto wala makaa, wala hakifanyi kwa haja ya jembe, bali kwa haja ya kuishi.

Lakini bonde la nduma ni makao ya starehe likilinganishwa na pale ambapo jambo hili hufikia ukomo wa ajabu yake. Katika chemchemi za Yellowstone nchini Marekani, ambako maji huchemka na salfa hugeuka kuwa asidi, Thomas Brock na wenzake walitangaza mwaka 1972 kiumbe walichokiita Sulfolobus, kinachostawi katika joto la nyuzi 70 hadi 80. Na mwaka 1976 Brock pamoja na Gustafson wakaonyesha kwamba kiumbe hicho, kikila salfa, chaweza kukabidhi kwa chuma mzigo uliotoka katika chakula chake. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walitambulisha ukoo wa tatu wa viumbe, ujulikanao leo kwa jina la arkea, na Sulfolobus ikahesabiwa humo. Kisha mwaka 1986 kikatangazwa kiumbe kingine, Acidianus infernus, kilichopatikana Solfatara, karibu na Napoli, kipendacho joto la nyuzi 90 na asidi kali kama ya ndimu: penye hewa huunguza salfa ikawa asidi, na pasipo hewa huchukua haidrojeni ya ardhini na kuikabidhi salfa mzigo wake, na miongoni mwa jamaa zake wamo wanaoukabidhi mzigo huo kwa chuma. Kwa kazi hiyo ya haidrojeni, viumbe hivi hutumia vimeng'enya ambavyo katika kiini chake mna nikeli na chuma, hata yaweza kusemwa kuwa madini kwao ni chombo cha kufanyia kazi na pia ni pahali pa kuupeleka mzigo.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini kiumbe akimbilie asidi, ambayo sisi huiona kuwa adui. Jawabu lina hikima ndani yake. Katika maji ya kawaida kutu haiyeyuki, na kijidudu hulazimika kuigusa mwilini au kuinyoshea nyuzi za kuifikia. Katika asidi chuma huyeyuka kikaelea kila upande, na nguvu yake ya kupokea huwa kubwa, yapata volti 0.77, ambayo haiko mbali na volti 0.82 za oksijeni katika maji ya kawaida. Kwa hiyo penye asidi chuma huikaribia hewa kwa cheo, na kiumbe aliyenyimwa hewa hapo hakunyimwa riziki. Ndani ya mwili wake, hata hivyo, hakuna asidi kali: nje huizidi ndani zaidi ya mara 10,000, na kinachozuia mauti ni utando mwembamba ambao mafuta yake hayakupangwa katika matabaka mawili kama ya miili yetu, bali kila uzi hupita upande mmoja hadi wa pili, ukishikwa na vifungo ambavyo moto na asidi haviwezi kuvikata upesi.

Mfano mmoja zaidi wastahili kutajwa, kwa kuwa unagusa hospitali zetu. Vyombo vya madaktari hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121, na ilikuwa yakini ya wengi kwamba hakuna chenye uhai kiwezacho kuongezeka humo. Mwaka 2003 Kazem Kashefi na Lovley walieleza habari za kiumbe kutoka chemchemi ya moto iliyo chini ya bahari ya Pasifiki, ambacho kilitiwa katika joto hilo hilo kwa saa 24, na badala ya kufa kikaongezeka maradufu. Kiumbe hicho hupumua kwa chuma.

Tukifika hapa, na turudi kwa nafsi zetu, maana elimu ya viumbe wengine isiyomrudisha mtu kwenye nafsi yake huishia kuwa tamasha. Oksijeni tuivutayo hufanya kazi gani? Wengi hudhani kuwa ni chakula cha mwili, kitu cha kuchukua na kuweka. Sivyo. Chakula tulacho hutoa chembe ndogo za umeme ziitwazo elektroni, nazo hupokezwa ndani ya mwili kutoka kiungo hadi kiungo kama mzigo wa msafara upitao bega kwa bega, na katika kupokezana huko nguvu ya kuishi hupatikana. Lakini msafara hauwezi kuendelea ila awepo wa kuupokea mzigo mwishoni, na kazi ya oksijeni ndiyo hiyo tu, kupokea. Na mlango wa mwisho ambapo oksijeni husubiri umejengwa kwa chuma na shaba. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma katika mwili wake wote, nyingi zikiwa katika damu, na akizikosa hapumui hata akisimama kileleni penye upepo.

Ushahidi wa jambo hili uko jikoni. Muhogo mchungu usiorowekwa vizuri hubaki na sumu iitwayo sianidi, na sumu hiyo hushika kile chuma cha mlango wa mwisho kikashindwa kufanya kazi. Aliyedhurika hutweta, mapafu yake yamejaa hewa, damu yake imejaa oksijeni, na hata hivyo anakosa pumzi, kwa kuwa mzigo umefika mlangoni na mlango umefungwa. Basi kukosa pumzi, katika dhati yake, ni kukosa njia ya kutoa, na hewa, kutu, salfa na chuma kilichoyeyuka katika asidi ni wapokeaji mbalimbali wa jambo moja.

Hili ndilo nililokusudia kulisema. Pumzi ni alama ya ufukara wa kiumbe, na ufukara huo una pande mbili: hakuna kiumbe aishiye bila kupewa, na hakuna kiumbe aishiye bila kuwa na wa kumpa. Wanatheolojia wa Kiislamu na wa Kikristo wamefundisha kwa karne nyingi kwamba kujitosheleza ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba kila kisichokuwa Yeye ni chenye kuhitaji. Tumezoea kuuelewa uhitaji huo kwa upande wa kuchukua, tukiomba mvua, chakula na afya. Lakini viumbe wa chemchemi za asidi, ambao wanaweza kuwa na haidrojeni tele na bado wakafa endapo hakuna hewa, salfa wala chuma cha kuupokea mzigo, huonyesha wazi upande wa pili ambao sisi husahau kwa sababu hewa imetuzunguka bila kuombwa.

John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa mzaliwa wa Kitui, ng'ambo ya mto Tana ukitoka Mbeere, aliyeishi tangu 1931 hata 2019, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba Waafrika huupanga ulimwengu katika madaraja matano: Mungu, kisha roho, kisha wanadamu, kisha wanyama na mimea, na mwisho vitu visivyo na uhai; na kwamba nguvu moja itokayo kwa Mungu huyapenya yote. Yeyote aliyelisoma daraja la tano kwa haraka huenda alilihesabu kuwa ghala la vitu vya kutumiwa. Lakini chuma cha daraja hilo kimo katika damu ya daraja la tatu, na katika bonde la nduma hicho ndicho kipokeacho pumzi ya daraja la nne. Mayahudi, Wakristo na Waislamu waliosimulia kuwa udongo ulipuliziwa, na wazee wa mlima waliomwogopa mhunzi, wote walihisi kuwa udongo si takataka. Nayo Qurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la chuma, Hadid. Elimu ya leo haikuja kuvunja hisia hiyo, imekuja kuipa hoja.

Najua kuna wenye wasiwasi. Baadhi husema: ikiwa uhai waweza kuwapo bila hewa, je, kauli ya pumzi katika vitabu vitakatifu haikubatilika? Wasiwasi huu wenyewe si mpya, kwani mwaka 1861 Louis Pasteur alipodhihirisha kuwa vipo viumbe viishivyo pasipo hewa, na tena hewa huvidhuru, walimwengu walistaajabu vivyo hivyo. Lakini mwenye kuufunga upulizi wa Mungu ndani ya oksijeni, gesi ambayo haikutengwa wala kupewa jina mpaka karne ya 18, ndiye aliyeupunguza, si kijidudu. Na zaidi ya hayo, dunia yenyewe ina umri wa miaka bilioni 4.5, na oksijeni haikuenea hewani ila yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita; kwa zama zote za kabla ya hapo uhai uliokuwapo ulipumua kwa vitu vingine, na baadhi ya wataalamu huona chuma kuwa miongoni mwa wapokeaji wa kwanza kabisa. Uungu uliokuwa na viumbe wa kuwaruzuku kabla ya hewa haukutishwa na habari za viumbe wasiohitaji hewa.

Wengine huelekea upande wa pili, wakasema kwamba uhai waweza kila kitu, hauna mpaka, na kwamba binadamu hana haja ya kuogopa kuharibu chochote kwa kuwa kitazuka kingine cha kustahimili. Hawa nao wajibiwe kwa ushahidi wa Afrika Mashariki yetu. Huko Dallol, katika bonde la Danakil nchini Ethiopia, lililo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, yapo maji yenye joto, asidi na chumvi vyote kwa pamoja. Na mwaka 2019 Purificación López-García na wenzake walieleza kwamba katika maji makali kupita yote hawakukuta uhai unaofanya kazi, ingawa uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo ulidai kukuta dalili za vijidudu vidogo mno katika machimbuko ya chumvi ya pale. Uvumilivu wa viumbe ni mkubwa kuliko tulivyodhani, nao una kikomo. Na viumbe walioshika mahali pa moto na asidi walipatengenezea miili yao kwa zama ndefu zisizohesabika kwa vizazi vya watu. Nduma, samaki na mtoto wa mwanadamu hawakupewa muda huo.

Kwa hiyo faida ya maarifa haya kwa mtu wa Embu au Meru ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kulichunga bonde: penye kijito kilichokaushwa ili kupanda kwa pupa, au kilichotiwa sumu kwa kuoshewa mabomba ya dawa za mimea, huvunjwa utaratibu wa kutoa na kupokea ambao hakuna serikali wala mfuko wa fedha uwezao kuujenga upya, na mwenye kuuvunja hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikanyaga tope tu. Ya pili ni ya tabia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri, na kwa kawaida methali hiyo husomwa kwa kumsifu mtoaji, akaonekana mkubwa, na mpokeaji akainamisha kichwa. Sidai kwamba sheria ya maadili huchimbuliwa katika kemia. Amri ya kutoa tumeipata kwingine na kwa heshima kubwa zaidi. Lakini aliyekwisha kufahamu kwamba katika kila pumzi yake yeye ndiye mwenye mzigo, na kwamba anaishi kwa sababu kipo cha kuupokea, hana tena uso wa kumdharau yatima, mgonjwa au jirani aliyekuja kuomba mlangoni. Anayepokea hutenda jambo ambalo mtoaji hawezi kulitenda kwa nafsi yake, na kwa hiyo shukrani inawapasa wote wawili.